Nina chumba cha biashara Luanda na mtaji mdogo: niuze nini?

Mwanzisha uzi, Luanda

Habari za jioni wadau. Nimepata chumba kimoja hapa Luanda, kaunti ya Vihiga, Kenya, karibu na soko, upande wanaoshukia abiria wa matatu za Kisumu. Si kikubwa, meza mbili na kabati kimejaa, lakini kina veranda pana mbele na mlango wa chuma. Stima ipo, ya tokeni. Maji ni ya kuchota. Kodi ni 4,500 kwa mwezi. Nikishalipa dipoziti na kodi ya kwanza nitabaki na kama 60,000 mkononi.

Nimesomea kompyuta, cheti tu, na kompyuta moja ninayo nyumbani. Kila ninayemuuliza ananipa lake: mmoja M-Pesa, mwingine kinyozi, mwingine viatu vya mitumba, shangazi anasema duka la sukari na sabuni. Sitaki kufungua leo kisha mwezi wa tatu nifunge. Wenye uzoefu wa miji midogo ya huku kwetu, nisaidieni.

Mama Nafaka, Luanda

Mwanangu, hongera kwa kupata chumba. Hapo napajua. Nauza nafaka hapa Luanda miaka mingi sasa na nimeona vyumba vikibadilishwa rangi kila msimu, leo buti, kesho vipodozi, keshokutwa kufuli. Wengi wao hawakuwa wavivu na mali yao haikuwa mbaya. Kilichowafunga ni pesa kulala.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uuze nini, uliza mtaji wako utazunguka mara ngapi kabla tarehe ya kodi haijafika. Shika hesabu hii ya mfano. Umekwenda soko la Kibuye, Kisumu, ukatia 40,000 kwenye viatu. Faida ya viatu ni tamu, tuseme nusu ya ulichotoa, yaani 20,000. Lakini mzigo unaisha kwa miezi minne, maana namba 38 zimetoka wiki ya kwanza na namba 45 zimebaki. Hiyo ni 5,000 kwa mwezi. Toa kodi 4,500. Hujanunua tokeni, hujala. Sasa 40,000 hiyo hiyo itie kwenye mahindi na maharagwe, upate 10 tu kwa kila 100, lakini mzigo uishe kila wiki. Ni 4,000 kwa wiki, 16,000 kwa mwezi.

Kwa nini nafaka hapa kwetu? Sensa ya 2019 ilionyesha Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu liligawiwa wana, na wana wakawagawia wao. Mahindi ya shambani yanaisha mapema, na kuanzia hapo mpaka mavuno ya Agosti mtu ananunua kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, leo moja, keshokutwa moja. Mteja wa namna hiyo humkosi wiki.

Ila nafaka ina elimu yake. Mahindi ya Kitale yakianza kushuka mwisho wa mwaka kila mtu anakimbilia bei, na mengine yanakuja mabichi. Usinunue kwa macho. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi mpaka yafike kama theluthi ya chupa, funga, tikisa vizuri, iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, hayo mahindi bado yana maji. Ikishuka yote chini, yamekauka vya kutosha kuanza kuzungumza bei. Hicho ni kipimo cha sokoni tu. Unyevu unaotakiwa ni usiozidi asilimia 13.5, kwa hiyo siku utakayonunua mzigo mkubwa tafuta mwenye mashine ya kupimia. Unyevu ukizidi, ukungu unaingia, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Unawauzia watu watakaolisha watoto wao, kwa hiyo hapa usicheze. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta, weka mbao chini.

Kisha kuna kupima. Mteja wa huku anautazama mkono wako. Gorogoro iwe na kilele, na wakati mwingine yeye mwenyewe ataigonga ubavuni nafaka ishuke uongeze kiganja kimoja. Usinune. Kiganja hicho kiwe ndani ya bei yako tangu mwanzo. Gunia la kilo 90 kwa hesabu ya daftari ni gorogoro 45 za kilo mbili, lakini kwa mkono wenye kilele hufiki 45, na wanaoanza hupigia bei hesabu ya daftari kisha wanashangaa faida imekwenda wapi.

M-Pesa usianze nayo. Inataka pesa ilale mahali pawili kwa wakati mmoja, floti kwenye simu na noti kwenye droo, na kamisheni inakuja mwezi unaofuata. Kwa 60,000, wateja wawili wa kutoa karo ya shule wamekumaliza, na wa tatu ukimwambia floti hakuna harudi.

Fundi Kompyuta, Mbale

Shikamoo mama. Ulivyosema kuhusu mzunguko ni kweli tupu. Lakini kijana ana kompyuta na ana cheti, na hivyo havitaki kununuliwa tena. Mimi naona aanze na saiba, duka la huduma za mtandao na kuchapa.

Watu watakwambia saiba imekufa kwa sababu kila mtu ana simu. Simu wanazo, nywila wamesahau. Ritani za kodi za KRA kabla ya 30 Juni, maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, kuchagua kozi KUCCPS, usajili wa bima ya afya ya SHA tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, cheti cha tabia njema, kubadilisha umiliki wa pikipiki, yote yanapita mtandaoni. Mzee wa miaka 60 hataki kujifunza eCitizen. Anataka mtu mmoja anayemwamini amfanyie, ampe karatasi, aende.

Na kuna kazi nyingine ambayo wasio wa huku hawaijui ukubwa wake: programu za mazishi. Mazishi yetu mengi ni Ijumaa na Jumamosi. Jumatano na Alhamisi jioni familia inakuja na picha kwenye simu na wasifu ulioandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, wanataka nakala mia mbili kabla ya asubuhi. Ukiijua kazi hiyo vizuri umepata kodi. Kabla hujabonyeza kuchapa, msomee mzee wa familia majina yote kwa sauti: watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wake kwa mpangilio wa kuolewa, wakwe, na jina la ukoo lilivyoandikwa. Jina la binti mmoja likiachwa, kesho yake litazungumzwa kaburini mbele ya watu wote, na hao wote wanajua saiba iliyochapa. Mimi huwa nawapa nakala moja waipitie pamoja nje kwenye benchi, hata kama giza limeingia na wana haraka. Wafiwa wamechoka, hawaoni makosa. Lazima uyaone wewe kwa niaba yao.

Printa nunua ya matangi ya wino, hata kama bei yake ni ya juu mwanzoni. Za katriji ni rahisi kununua na ghali kutumia, kurasa chache umerudi dukani. Na usiache nakala za vitambulisho vya watu kwenye skrini. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, hayo ni mambo ya watu. Futa kila jioni.

Mwalimu, Sabatia

Fundi, nakuheshimu lakini umemwonyesha Juni na Alhamisi pekee. Mwonyeshe na Julai. Ritani zimekwisha, wanafunzi wameshachagua kozi, watu wanaingia kuuliza bei tu. Soko letu lina saiba tano na zote zinagombea picha za pasipoti.

Kijana, mji mdogo una kalenda yake ya pesa, na inakubidi uijue kwa mwezi. Mwisho wa mwezi mishahara ya walimu na ya kaunti inaingia, siku chache dukani ni raha, kisha kimya. Januari kila mzazi anatafuta yunifomu, madaftari na viatu vyeusi. Ufunguzi wa muhula wa pili na wa tatu ni hivyo hivyo ila kidogo. Desemba watu wa Nairobi wanarudi nyumbani, wanajenga, wanaoa, wanapeleka wazee hospitali, pesa inatembea. Februari na Machi pesa yote iko shambani, mbegu na mbolea. Ukileta mzigo wa urembo Februari utautazama mpaka Aprili.

Sasa kaa na hiyo kalenda na ujiulize ni kitu gani kinauzwa katika miezi ile mikavu. Chakula. Hapo Mama Nafaka amenishinda.

Jambo moja zaidi. Shule zikikupa kazi ya kunakili mitihani zichukue, lakini usiweke roho yako yote huko. Pesa ya serikali ya shule ikichelewa, mwalimu mkuu hana cha kukulipa hata kama ni mtu mwema.

Kinyozi, Chavakali

Nisemee kinyozi kwa kifupi. Mashine mbili, kioo, kiti, spiriti, taulo, unaanza. Haina mzigo wa kuharibika. Lakini kama hunyoi mwenyewe usifungue. Mteja wa kinyozi anafuata mkono, hafuati chumba. Ukiajiri kijana mzuri, siku akipata chumba chake atakwenda na vichwa vyote, na wewe utabaki na kioo. Na bila maji ya bomba saluni ya kina dada usiiguse.

Kama veranda ni pana kama unavyosema, mkodishe mtu hapo. Fundi viatu au mshonaji wa kurekebisha nguo za mitumba. Akikupa hata 1,500 kwa mwezi, theluthi ya kodi imelipwa kabla hujafungua mlango. Ila mwenye nyumba akubali kwanza.

Mwanzisha uzi, Luanda

Asanteni sana, nasoma neno kwa neno. Mama, shikamoo. Nina swali lingine. Mwenye nyumba hana mkataba wa maandishi, anasema tunaaminiana. Na mpangaji anayetoka anataka gudiwili ya 30,000 ndipo aniachie chumba. Hiyo si nusu ya mtaji wangu?

Karani wa Wakili, Kakamega

Ndugu, 30,000 hiyo usiitoe mpaka mwenye nyumba awe amekaa nanyi na kusema yeye mwenyewe, kwa maandishi, kwamba chumba ni chako kuanzia tarehe fulani kwa kodi fulani. Gudiwili ni makubaliano yako na anayetoka, hakuna mahali mwenye nyumba ametia mkono. Watu wengi wamelipa kisha wakaambiwa kodi mpya ni mara mbili.

Na kuhusu kutokuwa na mkataba, usiogope kama wengi wanavyoogopa. Kuna sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa wa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa. Mwenye nyumba akitaka kukutoa au kukupandishia kodi, anatakiwa akupe notisi ya maandishi kwenye fomu iliyowekwa na sheria, ya miezi isiyopungua miwili, na aeleze sababu. Usipokubali, unapeleka shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara kabla tarehe ya notisi haijafika, na unaendelea kukaa mpaka baraza liamue. Kuambiwa kwa mdomo "mwisho wa mwezi utoke" si notisi.

Ulinzi huo unataka ushahidi kwamba wewe ni mpangaji. Lipa kodi kwa M-Pesa kila mwezi, hata kama mwenye nyumba yuko hapo nje anataka noti, na ujumbe usiufute. Akisisitiza noti, aandike risiti. Wapangaji wa miaka kumi wanakuja kwetu bila karatasi hata moja, na inauma kuwaona.

Kijana wa Webuye

Naongeza kutoka huku. Webuye ilikuwa mji wa kiwanda cha karatasi. Kiwanda kilipofungwa 2009, maduka yaliyokuwa yanakopesha wafanyakazi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi ndiyo yaliyoumia zaidi, kwa sababu mali ilikuwa imetoka na mshahara haukuja. Mumias nayo, kampuni ya sukari iliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa mali za kampuni yenye madeni, 2019 baada ya miaka ya matatizo, na mji mzima ulikuwa umepigia hesabu pesa za miwa. Luanda haina kiwanda kimoja kikubwa, ina barabara ya Busia na soko, na chuo kikuu cha Maseno kiko karibu, pamoja na wanafunzi wake. Pesa inatoka pande nyingi, ndiyo maana mimi ningekaa hapo bila hofu.

Lakini deni usitoe. Na mkopo wa kuanzia ukiwa ni Hustler Fund, kumbuka ule wa mtu binafsi ni wa siku 14, kuanzia 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka. Riba ni ndogo, tatizo ni hizo siku 14. Unafaa mali inayoisha kwa wiki moja. Ukinunulia viatu, unalipa kabla hujauza.

Mhasibu, Kisumu

Mama Nafaka, hesabu yako nimeipenda, naomba niiongezee mstari mmoja ambao wengi wanauruka.

Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kuanzia milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka inatakiwa kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Milioni 1 inasikika kubwa, lakini ni kama 2,740 kwa siku. Duka la nafaka linapita hapo bila kujijua. Na kodi hiyo inakatwa kwenye mauzo, haiangalii faida. Kwa mfano wa mama, mauzo ya mwezi ni 176,000, asilimia 3 yake ni 5,280. Theluthi ya ile faida ya 16,000 imekwenda.

Kuna njia halali. Mfanyabiashara anaweza kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba anachagua kulipa kodi ya mapato ya kawaida, inayotozwa kwenye faida. Mtu binafsi ambaye faida yake haizidi 24,000 kwa mwezi, na hana mapato mengine, kodi yake inafutwa na nafuu ya 2,400 kila mwezi. Lakini lazima uwe na vitabu vya hesabu, na manunuzi yako yawe na ankara za eTIMS, zile za kielektroniki za KRA, la sivyo hayakubaliwi kama gharama. Kijana, wewe una kompyuta. Anza kuandika tangu siku ya kwanza: umenunua nini, umeuza nini, umetumia nini. Usisubiri mwaka uishe.

Mbali na KRA kuna leseni ya biashara ya kaunti, ya kila mwaka. Ilipe kabla ya kufungua, maana askari wa kaunti huanza na wageni. Ukiuza hata mandazi na chai, kila anayegusa chakula anahitaji cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita.

Mama Nafaka, Luanda

Mhasibu, Mungu akubariki. Hilo la kuchagua kodi ya faida nitawaambia kina mama wote wa soko, kuna wengine wanakatwa wakilia kila mwezi na hakuna aliyewafungulia mlango huo.

Mwanangu, sasa ona jinsi mambo yanavyoshikana. Nafaka mauzo yake ni makubwa na faida ni nyembamba. Saiba mauzo yake ni madogo lakini karibu yote ni yako. Miezi ambayo saiba imelala, watu wanakula. Wiki ambayo mahindi yamepanda bei na mzigo hauchukuliki, mazishi na vyeti vipo. Viweke vyote viwili, nusu kwa nusu. Mimi nisingetoa gudiwili ya 30,000 kwa chumba cha 4,500. Mwambie anayetoka 8,000 za rafu na kaunta, kama kweli anaziacha, mbele ya mwenye nyumba.

Fundi Kompyuta, Mbale

Mama nakubali, ila vumbi la mahindi ni adui wa printa. Likiingia kwenye roli za kuvuta karatasi, zinaanza kuvuta karatasi mbilimbili. Kijana, kata chumba kwa ubao kutoka chini hadi dari. Kompyuta iwe nyuma, nafaka mbele, na kumimina magunia kufanyike verandani. Kila jioni funika printa kwa kitambaa.

Mwanzisha uzi, Luanda

Wadau, nimekwenda leo kumwona mwenye nyumba. Amekubali kuandika barua, na kodi nitaituma kwa simu. Anayetoka amekataa 8,000, amekubali 10,000 na anaacha rafu, kaunta na mzani. Veranda mwenye nyumba amesema ni sawa nimpe fundi viatu upande mmoja. Ninabaki na 50,000. Nimepanga printa ya matangi ya wino iliyotumika, ubao wa kukata chumba, leseni, na kama 20,000 za nafaka. Mama, 20,000 inatosha kuanza?

Mama Nafaka, Luanda

Inatosha. Mzani huo usiutumie kabla watu wa vipimo hawajaukagua na kuupiga muhuri, wa kaunti au wa serikali kuu watakuuliza. Usianze na mahindi peke yake, kila mtu anayo. Chukua maharagwe ya aina mbili, ndengu kidogo, na wimbi na mtama kwa ajili ya uji, maana mama mwenye mtoto mchanga akipata wimbi safi lisilo na mchanga atakurudia mpaka mtoto aende shule. Mahindi ongeza wiki ya pili.

Maharagwe mengi tunayouza yanatoka Uganda kupitia Busia. Siku ya soko njoo alfajiri kabla hawajamaliza kushusha, unitafute upande wa magunia, nitakupeleka kwa yule ninayenunua kwake mimi. Usije na pesa yote. Leta ya gunia moja na ile chupa yenye chumvi.